Sikorsky: Aliacha chuo, leseni hakuiacha

Wale vijana wanaojiundia helikopta nyuma ya nyumba kwa vyuma chakavu, mimi huwa wa kwanza kuwashangilia. Chuo nilikiacha, kwa hivyo najua kuchekwa. Lakini kabla hujawasha injini, msikilize huyu mzee.

Igor Sikorsky alizaliwa Kyiv mwaka wa 1889. Aliacha chuo cha wanamaji, kisha akaacha pia chuo cha ufundi. Dada yake Olga akamtolea pesa, akaenda Paris mwaka wa 1909 kununua injini. Helikopta yake ya kwanza ilikataa kupaa. Ya pili, mwaka wa 1910, ilijiinua yenyewe lakini ikashindwa kubeba mtu.

Hakulazimisha. Aliiweka kando, akaingia ndege za mabawa, akaanguka, akaamka. Mwaka wa 1911 akapata leseni ya urubani, namba 64 kule Urusi.

Mapinduzi yakamfukuza kwao. Alifika New York mwaka wa 1919, akawa anafundisha hesabu wahamiaji wenzake ili apate chakula. Mwaka wa 1923 akaanzisha kampuni, ndege ya kwanza ikaundwa kwenye shamba la kuku!

Ile ndoto ya helikopta ilirudi akiwa na miaka 50. Tarehe 14 Septemba 1939, huko Stratford, Connecticut, aliketi ndani ya VS-300. Kiti kilikuwa kimoja, na mwalimu wa chombo kile hakuwepo. Sasa alifanyaje? Aliifunga chini. Ikainuka kidogo tu, sekunde chache, ikashuka. Mafundi wakarekebisha, akajaribu tena. Desemba upepo ukaipindua, wakaiunda upya. Ilifunguliwa kamba na kuruka huru tarehe 13 Mei 1940. Mwaka uliofuata alikaa nayo hewani saa 1 na dakika 32, rekodi ya dunia wakati huo.

Alifariki mwaka wa 1972, akiwa na miaka 83.

Kumbe jamaa hakuwa na haraka. Alijifundisha kwa sababu hakukuwa na wa kumfundisha. Sisi walimu wapo, na leseni inatolewa na KCAA, hata kama mashine umeiunda kwa mkono wako. Ni ghali, najua. Lakini usiwaige watu wanaoruka hatua halafu useme unamwiga Sikorsky. Yeye alianza akiwa amefungwa kamba.