Josiah Willard Gibbs na Mimenyuko Ijiendeayo Yenyewe

Josiah Willard Gibbs alizaliwa tarehe 11 Februari 1839 mjini New Haven, Marekani, mwana wa profesa wa Chuo Kikuu cha Yale. Huko huko alisoma, akafundisha, na huko alifariki mwaka 1903. Mwaka 1863 alipata shahada ya udaktari kwa utafiti juu ya meno ya magurudumu ya mashine, kisha akafundisha Kilatini, jambo linalowachekesha wanachuo wetu wa sayansi. Baada ya masomo Paris, Berlin na Heidelberg alirejea, na mwaka 1871 akateuliwa profesa wa fizikia ya hisabati, pasipo mshahara. Yale ilianza kumlipa mwaka 1880, baada ya chuo cha Johns Hopkins kumwita.

Zama hizo wanakemia wengi walimfuata Mfaransa Berthelot, aliyeshikilia kwamba mmenyuko ujiendeao wenyewe ni ule utoao joto. Wanafunzi wetu nao hudhani hivyo hivyo, na mlinganyo ubaoni hauwatoi katika dhana hiyo. Mwalimu na achanganye mmumunyo mzito wa asidi ya ndimu na bikaboneti ya sodiamu: povu hufurika bila kushurutishwa, ilhali pimajoto hushuka na bika hupoa mkononi. Joto limefyonzwa, na mmenyuko umekwenda.

Jibu alilitoa Gibbs katika makala yaliyochapishwa kati ya 1876 na 1878. Leo twaliandika ΔG = ΔH − TΔS. Joto halihukumu peke yake. Entropi, yaani kipimo cha kutawanyika kwa nishati, nayo huhesabiwa, ikizidishwa kwa halijoto ya Kelvini. Katika bika yetu gesi ya kaboni dioksidi hutoka, entropi hupanda sana, na ΔG huwa hasi. (Mwanafunzi aonywe: hasi haina maana ya upesi. Haidrojeni na oksijeni hukaa pamoja kimya hadi ziguswe na cheche.)

Gibbs aliandika kwa ufupi mgumu mno. Maxwell wa Uingereza, aliposoma makala yake ya 1873, aliunda kwa plasta umbo lionyeshalo ujazo, nishati na entropi, akampelekea nakala New Haven. Makala makuu hayakupata kielelezo cha namna hiyo: tafsiri ya Kijerumani ya Ostwald ilitoka mwaka 1892, na ya Kifaransa ya Le Chatelier mwaka 1899. Kwa hiyo mimi huanza na bika. Mlinganyo huja kipindi cha pili.