William Shakespeare na Nyumba ya Michezo

William Shakespeare alizaliwa mwaka wa 1564 katika mji wa Stratford, ulio kando ya mto Avon, nchini Uingereza. Baba yake, John, alikuwa fundi wa kushona mifuko ya mikono ya ngozi, naye aliheshimiwa hata akafanywa mkuu wa baraza la mji. Baadaye mambo yake yakaharibika, akaingia katika madeni, na mwanawe hakupata kwenda chuo kikuu. William alioa mwaka wa 1582, akazaa binti wawili na mwana mmoja, jina lake Hamnet.

Hata ulipofika mwaka wa 1592 alikuwa London, akicheza na kutunga michezo ya kuigiza. Robert Greene, mwandishi aliyesoma sana, alimwonea wivu akamtukana katika kitabu, kwa kuwa mchezaji tu amethubutu kutunga kama wenye elimu. Tukano hilo halikumzuia. Mwaka wa 1594 akaingia katika chama kimoja cha wachezaji, wala hakukiacha tena.

Nyumba za michezo za zamani zile zilikuwa za mbao, zenye umbo la mviringo, na katikati hazikuwa na paa. Watu walicheza mchana, maana hapakuwa na taa za kutosha. Mchezaji akisema ni usiku wa manane, watazamaji husadiki, ingawa jua linawapiga utosini. Aliyelipa peni moja alisimama uwanjani, na aliyeongeza aliketi chini ya paa. Wanawake hawakuruhusiwa kucheza, kwa hiyo malkia na binti wote walikuwa ni wavulana waliovikwa nguo za kike.

Nyumba ya chama hicho ilijengwa mwaka wa 1576 na James Burbage, katika kiwanja alichopanga kwa miaka 21. Muda ulipokwisha, Burbage alikuwa amekufa, na mwenye kiwanja, Giles Allen, hakupatana na wanawe. Alikusudia kuibomoa nyumba na kuzitumia mbao yeye mwenyewe. Lakini mkataba wa kwanza ulimpa Burbage ruhusa ya kuondoa alichojenga. Basi tarehe 28 Desemba 1598, katika baridi kali, Allen akiwa hayupo mjini, ndugu wawili Cuthbert na Richard Burbage walikuja na seremala Peter Street na mafundi wake, wakaanza kuing'oa nyumba ile mti kwa mti. Miti ikavushwa ng'ambo ya mto Thames, na mwaka wa 1599 ikasimama nyumba mpya, wakaiita Globe, yaani Dunia. Allen akashtaki, asishinde. Shakespeare naye alikuwa mmoja wa wenye fungu katika nyumba hiyo.

Alitunga akiwajua watu watakaosema maneno yake. Richard Burbage ndiye aliyekuwa Hamlet, mwana wa mfalme anayetakiwa kulipa kisasi cha baba yake naye akasitasita. Tena ndiye aliyekuwa Othello, jemadari hodari aliyeangamizwa na wivu. Mchekeshaji Will Kemp alipoondoka, akaja Robert Armin, na wachekeshaji wa michezo wakageuka kuwa watu wenye hekima kuliko mabwana zao. Hata waovu wake si waovu tu. Shylock, mkopeshaji, adai ratili ya nyama ya mwili wa mdeni wake, jambo la kuchukiza. Lakini kabla ya kumhukumu, mtazamaji amekwisha kusikia jinsi alivyotemewa mate na kudharauliwa miaka mingi.

Hamnet alikufa mwaka wa 1596, mwenye miaka 11. Shakespeare alinunua nyumba kubwa Stratford mwaka uliofuata, ila kazi yake ilibaki London.

Tarehe 29 Juni 1613, katika mchezo wa Mfalme Henry wa Nane, mzinga ulipigwa kwa heshima ya mfalme. Cheche ikaruka juu ya paa la nyasi, na Globe yote ikateketea. Hakufa mtu, mmoja suruali yake ilishika moto, akauzima kwa pombe aliyokuwa nayo.

Shakespeare alikufa tarehe 23 Aprili 1616. Karibu nusu ya michezo yake haikuwa imepigwa chapa; ilikuwa katika karatasi za chama tu, nazo karatasi huliwa na moto na panya. Wachezaji wenzake wawili, John Heminges na Henry Condell, wakaikusanya, wakatoa kitabu kimoja kikubwa mwaka wa 1623, chenye michezo 36. Humo ndimo ulimookoka Macbeth, na pia Julius Caesar, mchezo ambao Julius Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili, ukapigwa chapa mwaka wa 1963.