MARK DONOHUE: Dereva aliyehesabu farasi hadi kwenye tairi

Shabiki wa soka anaijua vizuri stori ya mshahara wa mchezaji. Kwenye mkataba inaandikwa namba nene, magazeti yanaipamba, kijiwe kizima kinaibishania. Halafu inakuja kodi, asilimia ya wakala na makato mengine, na kinachoingia mfukoni ni kitu kingine kabisa.

Nguvu ya gari iko hivyohivyo. Mtu anajisifu injini yake ina farasi 400, lakini wanaofika kwenye tairi kulisukuma gari si 400. Kuna waliokatwa njiani.

Kati ya madereva wa zama zake, ni wachache mno waliotembea na hesabu hiyo kichwani kama Mmarekani Mark Donohue, bingwa wa Indianapolis 500 mwaka 1972 na mtu aliyeliweza moja ya magari yenye nguvu kubwa kuwahi kuingia kwenye mbio za mzunguko. Alifariki Agosti 19, 1975, akiwa na miaka 38 tu.

Alizaliwa Machi 18, 1937 katika jimbo la New Jersey. Hakuanzia gereji. Alisomea uhandisi wa mitambo Chuo Kikuu cha Brown, akamaliza mwaka 1959, na Chevrolet Corvette yake ya mwaka 1957 ndiyo iliyomtia wazimu wa mbio. Mwaka 1961 tayari alikuwa na ubingwa wa taifa wa madereva wa ridhaa.

Aliyemshika mkono ni mkongwe Walt Hansgen. Mwaka 1966 Hansgen akapata ajali kwenye majaribio ya Le Mans na kupoteza maisha. Mwaka huohuo Donohue akaingia timu ya Roger Penske, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Kwa lugha ya soka, jamaa alikuwa kocha mchezaji. Katikati ya wiki yuko na spana na karatasi za hesabu, mwisho wa wiki anavaa kofia ngumu na kuingia dimbani. Kwa jinsi alivyokuwa mpole na mwenye tabasamu, Wamarekani walimbatiza jina la Captain Nice. Lakini upole huo aliuacha nje ya gereji.

Ligi iliyomjengea jina ilikuwa Trans-Am. Yalikuwa mashindano ya magari yanayofanana na yale yanayouzwa dukani, yakishafumuliwa na kusukwa upya na mafundi. Donohue alikuwa na Chevrolet Camaro Z/28, ambayo injini yake ya lita tano kiwanda kiliiandika kuwa na farasi 290.

Waliojua mambo walicheka. Namba hiyo ilikuwa ndogo kuliko ukweli, na injini ya mbio ikishapita mikononi mwa mafundi wa Traco kule California ilivuka 400. Mwaka 1968 Donohue alishinda mbio 10 kati ya 13 za Trans-Am. Mwaka 1969 akarudia ubingwa, na mwaka huohuo akashinda saa 24 za Daytona akiwa na mwenzake Chuck Parsons kwenye Lola.

Timu ya Penske haikuwa ya malaika, tusidanganyane. Walipoona farasi hawaongezeki, walipunguza mzigo. Bodi la Camaro moja lilitumbukizwa kwenye tindikali hadi bati likawa jembamba, na waamuzi walipokuja kushtuka hawakufurahi hata kidogo.

Sasa, wakati kiwanda kimoja kikiandika namba ndogo, wengi wa Marekani enzi hizo walikuwa wakiandika kubwa kupita kiasi. Injini ilitolewa kwenye gari, ikafungwa kwenye benchi la kupimia, ikavuliwa karibu kila kinachoila: hakuna chujio la hewa, hakuna feni, wala bomba la moshi la gari lenyewe. Ni sawa na kumpima straika mabao kwenye goli lisilo na kipa.

Mwaka 1972 mtindo huo ulibadilika. Injini ikaanza kutangazwa ikiwa imepimwa na vifaa vyake vyote. Corvette yenye injini ya LT-1 iliyoandikwa farasi 330 mwaka 1971, mwaka uliofuata ikaandikwa 255. Injini ni ileile kwa kila hali. Kilichobadilika ni karatasi.

Na hao 255 bado hawajafika barabarani. Nguvu ikitoka kwenye injini inapita klachi, inaingia giaboksi, inashika shafti ndefu, inafika kwenye difu ambako inakata kona kwenda kushoto na kulia, kisha ekseli, kisha tairi. Kila meno ya gia yanaposuguana yanakula kidogo. Oili nzito ya gia ikikorogwa inakula. Beringi zinakula. Hata tairi linapobonyea chini linakula pia. Kilicholiwa kinageuka joto, ndiyo maana difu ya gari lililotoka mbioni haishikiki kwa mkono mtupu.

Vijiweni kuna fomyula ya mkato: chukua namba ya injini, toa asilimia 15, umepata farasi wa kwenye tairi. Kwa kukisia tu, si mbaya sana. Kwa gari lililochezewa injini inadanganya.

Sababu ni kwamba sehemu ya makato ni kama kodi ya nyumba, haipandi sana kwa vile mshahara umepanda. Kukoroga oili ya gia kwa mzunguko fulani kunagharimu karibu kiasi kilekile, injini iwe na nguvu ndogo au kubwa. Sehemu nyingine ndiyo inayopanda kulingana na mzigo.

Kwa hiyo mtu akiitoa injini farasi 300 na kuifikisha 600 kwa turbo, giaboksi ileile haianzi kula 90 badala ya 45 eti kwa vile fomyula imesema. Anayepima kwenye tairi kisha akajirudishia asilimia 15 anajigawia farasi ambao hawajawahi kuzaliwa.

Mashine ya kupimia kwenye tairi nayo ina visa vyake. Upepo wa tairi, mikanda iliyofunga gari, joto la siku, mwinuko wa mahali, vyote vinaisogeza namba. Gari lisilo na turbo likipimwa Dar es Salaam kisha likapimwa Nairobi, namba ghafi zitapishana, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi.

Donohue aliyaelewa hayo kama mhandisi, lakini somo kubwa alilipata Ujerumani.

Porsche walikuwa wametwaa Le Mans mwaka 1970 na 1971 kwa gari lao la 917. Kanuni za injini zilipobadilika Ulaya, wakaelekeza macho Marekani kwenye ligi ya Can-Am, ambako injini haikuwekewa mipaka ya maana. McLaren walikuwa wameitawala ligi hiyo kwa miaka mitano mfululizo. Porsche wakamchukua Penske, na Penske akampeleka Donohue kwenye kituo chao cha Weissach.

Alichokuta huko ni injini ya silinda 12 iliyofungwa turbo mbili. Kwenye benchi la kupimia ilikuwa inatisha. Kwenye barabara ya majaribio ilikuwa balaa. Ukikanyaga mafuta hakuna kitu, unasubiri, halafu farasi wote wanatoka zizini kwa mkupuo. Dereva anafika katikati ya kona hajui nguvu itakuja lini.

Wahandisi wa Kijerumani waliangalia namba ya kileleni, wakaona iko sawa. Donohue akakaza. Aliwabana wapime pia injini ikiwa kwenye mzunguko mdogo na wa kati, na mguu ukiwa nusu, kwa sababu huko ndiko dereva anakoishi muda mwingi. Ikabidi pampu ya mafuta irekebishwe upya, hatua kwa hatua, hadi injini ikaanza kumtii mguu wake.

Ukitaka kujua 917 lilivyochukulia makato kwa uzito, litazame kwa ndani. Feni kubwa iliyolala juu ya injini, ya kuipoza kwa hewa, peke yake ilikula farasi kama 17. Krenki ilikuwa ndefu kwa ajili ya silinda 12, hivyo nguvu ilichukuliwa katikati yake kwa gia, isije ikajipinda na kutetemeka, na gia hiyo nayo ilikuwa na bei yake. Baadaye, kwenye toleo la 917/30, hata difu ya kawaida haikuwemo: tairi mbili za nyuma zilifungwa zizunguke pamoja. Gari likawa gumu kukata kona, lakini farasi wakafika chini bila kumwagikia upande mmoja.

Msimu wa 1972 ulianza vizuri kwa kasi na vibaya kwa bahati. Mwezi Mei Donohue alishinda Indianapolis 500, ushindi wa kwanza wa Penske kwenye mbio hizo, kwa wastani wa karibu kilomita 262 kwa saa. Kati ya mizunguko 200, aliongoza 13 tu. Waliokuwa na kasi zaidi yake waliharibikiwa njiani. Hapo aliyekuwa na farasi wengi hakuchukua kombe, alilichukua ambaye farasi wake walifika.

Kisha Julai, akiwa majaribioni Road Atlanta, bodi la nyuma la Porsche lilichomoka gari likiwa kasi. Gari likaruka na kusambaratika. Donohue alitoka hai, goti likiwa limeumia vibaya. Mwenzake George Follmer akalichukua gari alilolisuka Donohue na kutwaa nalo ubingwa.

Kila shabiki anamjua mchezaji aliyeibeba timu msimu mzima, akaumia, mwingine akanyanyua kombe. Donohue alikaa na magongo akitazama.

Jibu lake lilikuwa 917/30 la mwaka 1973. Injini ya lita 5.4, farasi kama 1,100 siku ya mbio, na zaidi ya 1,500 kwenye benchi turbo ikifunguliwa hadi mwisho. Gari lenyewe lilikuwa na kilo kama 850. Mbele ya dereva kulikuwa na kitufe cha kuzungusha, cha kuongeza au kupunguza nguvu ya turbo, na Donohue alikitumia kwa akili: juu wakati wa kuwakimbia wenzake, chini akishapata pengo.

Hao 1,500 na ushee ndio wanaotajwa hadi leo kila gari hilo linapozungumzwa. Lakini haikuwa namba ya kushindia mbio, ilikuwa namba ya benchi. Zilizoshinda ni zile 1,100 zilizotulizwa, zilizompa dereva nguvu pale alipoihitaji.

Mbio mbili za kwanza zilimponyoka. Zilizobaki sita alishinda zote, akawa bingwa. Mwaka uliofuata waandaaji wakaleta kanuni ya kubana matumizi ya mafuta, dunia ikiwa kwenye shida ya mafuta, na utawala wa gari hilo ukaishia hapo.

Donohue akatangaza kustaafu. Februari 1974 akamalizia kwa kutwaa taji la kwanza la IROC, mashindano ambayo madereva wote waliendesha magari yaliyotengenezwa sawasawa ili farasi wasiwe kisingizio cha mtu.

Kustaafu hakukudumu. Penske alikuwa anaingia Formula One na Donohue akarudi mwishoni mwa 1974. Gari halikuwa zuri. Mwaka 1975 matokeo yake makubwa yalikuwa nafasi ya tano Sweden na ya tano Uingereza, na katikati ya msimu timu ikaamua kuachana na gari lake yenyewe na kutumia la March.

Agosti 9, 1975 alikwenda Talladega, Alabama, na lile 917/30. Alizunguka kwa wastani wa zaidi ya kilomita 355 kwa saa, rekodi ya dunia ya mzunguko uliofungwa kwa wakati huo.

Siku nane baadaye alikuwa Austria, kwenye uwanja wa Österreichring, akipasha moto gari asubuhi ya mashindano. Tairi likapasuka kwenye kona ya kasi. Gari likavuka uzio, na mwamuzi mmoja wa pembeni akapoteza maisha. Donohue alitoka akiongea, akaonekana yuko salama. Kichwa kikaanza kumuuma, akakimbizwa hospitali mjini Graz, damu ikiwa imevujia kwenye ubongo. Siku mbili baadaye akafa.

Aliacha watoto. Mmoja wao, David, alikuwa na miaka minane. Mwaka 2009, miaka 40 baada ya baba yake kushinda saa 24 za Daytona, David Donohue alishinda mbio hizohizo kwa gari lenye injini ya Porsche, akimwacha Juan Pablo Montoya kwa tofauti ya sekunde 0.167.