RONALD NGALA: MWALIMU ALIYETAKA MAMLAKA YAGAWANYWE

Wengi wetu twalijua jina la Ngala kama jina la barabara au shule tu. Mimi nimeonelea niwaandikie habari za mtu mwenyewe, maana jambo alilolipigania latuhusu sisi wa Mombasa hadi leo.

Ronald Gideon Ngala, Mgiriama wa Kilifi, alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Alisoma Alliance na Makerere, kisha akawa mwalimu. Hapa kisiwani alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya Buxton. Mwaka wa 1957 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, na 1960 akawa kiongozi wa chama cha KADU.

Hoja yake haikuwa ngumu. Mkoloni aliitawala nchi nzima kutoka Nairobi. Je, akiondoka, na kiti kile kile kibaki na nguvu zile zile, makabila madogo yatakimbilia wapi? Basi katika mkutano wa London wa 1962 KADU ilidai majimbo. Katiba ya 1963 ikaleta mabaraza ya majimbo pamoja na Seneti, ili serikali kuu isifanye itakavyo. KANU walipinga, wakihofia nchi kugawanyika kikabila, na hofu hiyo haikuwa ya bure.

Lakini jamani, karatasi ni karatasi! KANU ilishinda uchaguzi wa Mei 1963, na serikali kuu ikawa yachelewesha fedha na kazi za majimbo. Wabunge wa KADU wakahama mmoja mmoja. Novemba 1964 Ngala mwenyewe akakivunja chama, akajiunga na KANU. Baadaye akawa waziri, hadi alipofariki Desemba 1972 baada ya ajali ya gari.

Wako wanaomlaumu kwamba alisalimu amri. Mimi naona funzo ni jingine: ukigawa madaraka bila kugawa mfuko, hujagawa kitu. Katiba ya 2010 imelishika funzo hilo. Kaunti 47 lazima zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na Seneti imerudi.

Sasa pesa zikifika Mombasa, ni juu yetu kuuliza zimekwenda wapi. Gavana naye ana bunge la kaunti la kumchunga. Asipochungwa, tutakuwa tumekihamisha tu kile kiti cha Nairobi tukakiweka Treasury Square.

Mungu amrehemu mwalimu wetu.