Eduardo Mondlane, Mutu Aliyetafuta Kuunganisha

Katika namba hii tumechagua maisha ya Eduardo Mondlane wa Msumbiji. Wengi kati yetu tumesikia kwamba aliongoza vita ya uhuru juu ya Waportugali. Lakini ile kazi ya kila siku, kupatanisha watu wake wenyewe, haisemwi sana. Juu ya ile njo tunaandika.

Mondlane alizaliwa tarehe 20 Juni 1920 karibu na Manjacaze, katika jimbo la Gaza, kusini ya inchi. Baba yake alikuwa sultani, lakini alikufa mutoto akingali mudogo. Alichunga wanyama mbele ya kuingia masomo, na mama yake njo alimusukuma asome. Aliingia kwa misioni ya Waprotestanti wa Uswisi. Mwaka 1946 kitabu juu ya utoto wake, alichotengeneza pamoja na mumisionere André-Daniel Clerc, kilitoka kwa Kifaransa: Chitlango, fils de chef.

Kwa mutoto mweusi, njia ya masomo ya sekondari karibu haikuwako. Basi Mondlane alienda kuitafuta Afrika ya Kusini. Mwaka 1949 serikali ya ubaguzi ilimufukuza kule. Alipita Lisbon, kisha Marekani, na mwaka 1960 akapata udaktari katika universite ya Northwestern. Alioa Janet Johnson, Mumarekani, mwaka 1956. Tangu 1957 alitumika kwa Umoja wa Mataifa, kisha akafundisha universite ya Syracuse. Mushahara ulikuwako, nyumba ilikuwako. Angeweza kukaa kule na kuandika barua tu.

Wakati ule Wamsumbiji waliokuwa inje walikuwa na vyama vitatu. UDENAMO kilianzishwa Rhodesia ya Kusini, MANU kilikusanya zaidi sana Wamakonde waliotumika Tanganyika na Kenya, UNAMI kilianzia Nyasaland, inchi inayoitwa sasa Malawi. Kila chama na prezida wake, na hakuna aliyependa kushuka kiti. Tarehe 25 Juni 1962, kule Dar es Salaam, vyama vile vitatu vilikubali kuwa kimoja, FRELIMO. Katika mukutano mukubwa wa Septemba, Mondlane alichaguliwa prezida. Musaidizi wake alikuwa Uria Simango, pasta Muprotestanti.

Lakini kuandika jina moja juu ya karatasi si kuunganisha mioyo. Mondlane alirudia kwanza Marekani kumaliza kazi yake ya kufundisha, na huku nyuma magomvi yakawaka. Wakubwa wa zamani, kama Adelino Gwambe, walitoka na kufufua vyama vyao. Tena Mondlane alikuwa amemupa Leo Milas kazi kubwa, akizani ni Mumsumbiji. Wengine waliogombana na Milas walifukuzwa. Mwaka 1964 ikajulikana: kumbe Milas ni Mumarekani! Naye akafukuzwa, lakini wale waliotoka mbele yake hawakurudi wote. Mwenye kuongoza kutoka mbali anaona kwa macho ya wengine, na macho ya wengine yanaweza kudanganya.

Tarehe 25 Septemba 1964 vita ilianza katika Cabo Delgado, kaskazini. Kadiri askari walivyofungua vijiji, maulizo mapya yalitokea. Adui ni nani: kila muzungu, ao utawala wa kikoloni? Mondlane alijibu kwamba adui ni utawala, si rangi ya ngozi. Na pale ambapo Waportugali wamekimbia, nani atakuwa bwana wa shamba na duka? Lazaro Nkavandame, mukubwa wa Wamakonde, alisimamia biashara ya Cabo Delgado, na watu walilalamika kwamba faida inabaki kwa wakubwa. Yeye naye alisema kwamba watu wa kaskazini wanakufa kwa vita, na watu wa kusini wanashika madaraka. Neno lile lilichoma, sababu lilikuwa na kipande cha kweli: Mondlane alikuwa mutu wa kusini, na wengi wa wakubwa wenzake vilevile.

Wenzetu, mwaka 1968 ugomvi uliingia hata katika masomo. FRELIMO ilikuwa na masomo ya sekondari Dar es Salaam, Instituti ya Msumbiji, chini ya uongozi wa Janet Mondlane. Wakubwa walitaka wanafunzi waache vitabu kwa wakati fulani, waende kutumika kwa vita. Wanafunzi wengi walitaka kuendelea na masomo ngambo. Padri Mateus Gwenjere aliwaunga mukono. Katika Machi fujo ilitokea, masomo yakafungwa, wengi wakakimbilia Kenya. Katika Mei watu walishambulia biro ya chama, na mutu mumoja akafa.

Mondlane hakujificha. Katika Julai 1968 aliitisha mukutano wa pili ndani ya inchi yenyewe, kule Matchedje, katika jimbo la Niassa. Alichaguliwa tena. Nkavandame hakufika. Katika Desemba, mukubwa wa askari, Paulo Kankhomba, aliuawa mupakani na watu wa Nkavandame. Kisha, tarehe 3 Februari 1969, Mondlane alifungua kifurushi cha kitabu kule Dar es Salaam. Ndani mulikuwa bomu. Alikuwa na miaka 48. Lawama ilianguka juu ya PIDE, polisi ya siri ya Waportugali, na wengi waliamini kwamba mukono wa ndani ulisaidia.

Wenye kubaki hawakupatana. Walichagua wakubwa watatu: Simango, Samora Machel na Marcelino dos Santos. Kabla mwaka haujaisha Simango alifukuzwa, na mwaka 1970 Machel akawa prezida. Uhuru ulifika tarehe 25 Juni 1975, miaka 13 kamili tangu vyama vitatu kuungana. Lakini Simango, Gwenjere na Nkavandame waliuawa kisha uhuru, pasipo hukumu ya tribinali. Nayo vita ya ndani ilikula inchi mupaka mwaka 1992.

Leo universite kubwa ya Maputo inaitwa kwa jina la Mondlane, na tarehe 3 Februari ni siku ya mashujaa. Sisi tunafikiri kwamba heshima ile inamustahili. Hakuweza kuzima magomvi yote, lakini aliitisha mukutano wakati wengine walishika silaha. Kumuita mupinzani musaliti ni kazi ya dakika moja. Kumuketisha mezani, kusikia kile kipande cha kweli ndani ya maneno yake ya uchungu, ile ni kazi ya miaka, na anayeifanya anaweza kuifia.