Hugh Trowell: Daktari aliyechunguza ugonjwa usiokuwapo

Kila asubuhi wachuuzi, wengi wao wanawake, huvuka kwa miguu mpaka wa Petite Barrière kutoka Gisenyi, wilayani Rubavu nchini Rwanda, kuelekea Goma, wakiwa wamebeba maharage, kabichi, karoti na viazi. Vyakula kama hivyo, ambavyo wengi huviona vya kawaida mno, vilimshughulisha hadi uzeeni Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyesaidia kubadili fikra za dunia kuhusu chanzo cha ugonjwa wa mishipa ya moyo.

Trowell alizaliwa mwaka 1904, akasomea udaktari mjini London na kuwasili Kenya mwaka 1929. Mwaka 1935 alihamia Uganda, ambako alifundisha madaktari Waafrika wa Makerere na kutibu wagonjwa katika Hospitali ya Mulago. Mkewe, Margaret, aliasisi shule ya sanaa ya Makerere, ambayo baadaye ilipewa jina lake.

Umaarufu wake wa kwanza ulitokana na kwashiakoo, utapiamlo uliokuwa ukiua watoto wengi. Baada ya utafiti wa miaka mingi, mwaka 1954 alichapisha kitabu kuhusu maradhi hayo pamoja na J.N.P. Davies na R.F.A. Dean.

Hata hivyo, katika wodi za Mulago kulikuwa na jambo jingine lililomshangaza. Si kwamba Waganda hawakuugua moyo: homa ya baridi yabisi iliharibu vali za mioyo ya vijana, na Davies alieleza ugonjwa mwingine unaofanya utando wa ndani wa moyo kuwa mgumu. Lakini mshtuko wa moyo unaotokana na kuziba kwa mishipa, uliokuwa ukiwaua Wazungu na Wamarekani kwa maelfu, haukuonekana. Mwaka 1956, Trowell na mwenzake waliona inafaa kuchapisha makala katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki kuhusu mgonjwa mmoja tu Mwafrika aliyepatikana na maradhi hayo.

Takwimu za uchunguzi wa maiti zilithibitisha tofauti hiyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1960, Davies na wenzake walilinganisha maiti 632 za Uganda na idadi sawa ya maiti za St. Louis, Marekani, za watu wa umri na jinsia zinazolingana. Dalili za mshtuko wa moyo zilionekana katika maiti 136 za St. Louis. Upande wa Uganda, ilikuwa moja tu.

Mwaka huohuo Trowell alichapisha kitabu kuhusu maradhi yasiyoambukiza barani Afrika. Asili ya mtu haikutosha kueleza tofauti hiyo, kwa kuwa Wamarekani weusi, ambao asili yao ni Afrika, waliugua maradhi hayo.

Wakati huo alikuwa amekwisha kurejea Uingereza, akawa kasisi wa kanisa la kijijini. Baada ya kustaafu ukasisi, alirudia swali lake akishirikiana na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya naye kazi Uganda. Mwaka 1972 aliandika kwamba upungufu wa nyuzinyuzi katika chakula, hasa kutokana na unga uliokobolewa, huenda ukachangia kuziba kwa mishipa ya moyo.

Dhana hiyo ilipata pigo mwaka 1989, mwaka aliofariki Trowell. Jaribio lililofanywa Wales kwa wanaume 2,033 waliopona mshtuko wa moyo halikuonyesha kwamba ushauri wa kula nyuzinyuzi zaidi za nafaka ulipunguza vifo. Hata hivyo, tafiti kubwa zilizofuata zimeonyesha kuwa wanaokula nyuzinyuzi kwa wingi hufa kwa nadra zaidi kutokana na moyo, na Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima. Uvutaji sigara, chumvi, mafuta na kutofanya mazoezi navyo vina nafasi yake.

Leo ugonjwa ambao Trowell aliutafuta bila kuuona umeingia katika miji ya Afrika Mashariki, pamoja na shinikizo la damu na kisukari. Tiba yake ni ghali, na wataalamu wa moyo ni wachache. Kwa familia nyingi za Gisenyi na Goma, kinga iliyo karibu zaidi bado inavuka mpaka kila asubuhi, ndani ya vikapu vya wachuuzi.