Mwana Kupona binti Msham na Wasia wa Ndoa



Ndugu zangu katika imani, mwezi uliopita katika darasa letu la kina dada lilizuka zogo. Tulikuwa tunazungumzia ndoa, na dada mmoja akasoma beti chache za Utendi wa Mwana Kupona kutoka kwenye simu yake. Kabla hajamaliza, dada mwingine akasimama akasema kwamba utenzi ule unamfanya mke kuwa mtumishi, na hauna nafasi chuoni. Jioni habari zikawafikia kina kaka. Wao wakazipokea zile beti kwa furaha, wakawa wanatumiana.

Mimi nilinyamaza pande zote mbili. Nina nikaha yangu baada ya mitihani, inshaallah, na mama yangu hayupo. Alifariki nikiwa bado sekondari. Wasia ambao binti huupata kwa mama yake, mimi nitaupata kwa mashangazi zangu hapa Buyenzi. Nikaona kwamba kabla sijaupenda au kuukataa utenzi huu, nimjue kwanza mama aliyeutunga.

Mwana Kupona alizaliwa kisiwani Pate, katika visiwa vya Lamu, kaskazini mwa pwani ya Kenya ya leo, mwanzoni mwa karne ya 19. Kisiwa hicho kilikuwa na miji yake: Pate wenyewe, Siyu na Faza. Siyu ulikuwa mji wa wanavyuoni na mafundi. Watu wake walijulikana kwa kazi za ngozi na mbao, na misahafu iliyonakiliwa huko kwa mkono na kupambwa kwa nakshi ingali inahifadhiwa mpaka leo. Mwana Kupona alijua kusoma, kuandika na kutunga, na alitunga kwa lahaja ya kwao.

Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Hakuwa mke wake wa kwanza. Tena hakuolewa katika nyumba ya utulivu. Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar, alitaka pwani yote iwe chini yake, na Siyu ulikataa. Katika miaka ya 1840 majeshi yake yalifika kisiwani na yakarudishwa. Bwana Mataka alitumia miaka mingi ya maisha yake katika upinzani huo. Binti yao, Mwana Hashima, alizaliwa katika miaka hiyo hiyo ya vita.

Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, mwaka ule ule aliofariki Sayyid Said. Mwana Kupona akabaki mjane mwenye watoto, katika mji ambao maadui zake walikuwa hawajaacha kuutamani. Kisha akaugua. Katika utenzi anaeleza kwamba ugonjwa ulikuwa umemshika mwaka mzima, na kwamba muda wote huo hakuwa amepata nafasi ya kumwambia bintiye jambo la kumfaa. Hivyo akamwita asogee, aje na wino na karatasi. Ilikuwa mwaka 1275 Hijria, yaani 1858. Mwana Hashima alikuwa na umri wa miaka kama 17.

Hapo nilisimama kusoma. Nilikuwa nimeudhania utenzi huu kuwa hotuba ya mtu aliyeketi kitako akiwapangia wanawake mambo. Kumbe ni maneno ya mama mgonjwa anayehofu kuondoka kabla hajamaliza kulea.

Utenzi una beti mia na kidogo, kila ubeti mishororo minne. Unaanza kwa Mwenyezi Mungu na Mtume wake (S.A.W.). Unamfundisha binti kuwa na adabu, kuwa mkweli, kujiepusha na umbeya, kuwapenda jamaa zake na kutowadharau maskini. Kisha unamwambia kwamba radhi anazozihitaji ni tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume. Hapo ndipo panapokuja beti zilizozua zogo letu. Asimwamshe mume kwa kelele. Ampepee. Amtunze kama mtoto ambaye hajajua kusema. Afukize udi, ajipambe, asitoke bila ruhusa.

Sasa tujiulize, sisi picha ya bibi harusi tunaipata wapi? Wengi wetu tumeipata kwenye filamu. Katika filamu za Kihindi na za Kinijeria tunazotazama bwenini, kijana anahangaika saa mbili nzima, wazazi wanakataa, wazazi wanakubali, bibi harusi anatoka na nguo yake nzito, ngoma zinapigwa, na filamu inakwisha. Hata hadithi nyingi tulizosomeshwa shuleni zinaishia mlangoni. Bibi harusi ni wa kutazamwa na wageni. Kesho yake asubuhi hakuna anayetuonyesha.

Mwana Kupona hazungumzii ukumbi wala wageni. Anaanza pale filamu zinapoishia. Mapambo anayoyataja ni ya ndani ya nyumba, kwa macho ya mtu mmoja. Anazungumzia usingizi, chakula, harufu ya chumba, na namna ya kuishi na mtu mwenye hasira na uchovu wake. Na anajitolea ushahidi yeye mwenyewe. Anamkumbusha bintiye kwamba yeye na baba yake waliishi kwa furaha na mizaha, bila kuvunjiana heshima, na kwamba mume wake alipofikiwa na mauti alimtamkia radhi yake tena na tena. Tangu siku hiyo, anasema, hajaacha kulia kila anapomkumbuka.

Kina kaka hawakutumiana beti hizo. Na mimi naona ndizo ufunguo. Utiifu anaoufundisha ulikuwa na mwenziwe: mume anayecheka na mkewe, na anayemwambia kwa mdomo wake kwamba ameridhika naye. Ukikata nusu hiyo ukabakiza nusu ya kupepea, umemdhulumu mtunzi. Tena wako wasomaji wanaouliza kama hakuna tabasamu katika ule mfano wa mtoto asiyejua kusema, maana mume mwenyewe alikuwa mtawala aliyeogopwa vitani. Mke anayemwona mtawala kama mtoto hajapoteza akili yake.

Lakini na dada yetu aliyekasirika hakukosea kila kitu. Wasia si aya wala hadithi. Ni maneno ya mwanamke wa tabaka la juu, katika mji uliokuwa na watumwa, na kuna mahali anamwonya bintiye asichanganyike nao isipokuwa wakati wa kazi. Hilo si letu, na hatuna sababu ya kulifunika. Pia alimwandikia binti, hakuandika wasia wa waume. Haki za mke juu ya mumewe tunazisoma kwenye Qur'ani na katika mwenendo wa Mtume (S.A.W.), ambaye Bibi Aisha alisimulia kwamba alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kwake katika kazi zao. Anayetaka kumsomea mkewe Mwana Kupona, na ajisomee kwanza hilo.

Mwishoni mwa utenzi Mwana Kupona anaacha kufundisha na anaomba. Anawaombea watoto wake na ndugu zake, anajiombea nafuu, kisha anawaita wanawake wote wausome. Yeye mwenyewe hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Mwaka 1863, enzi za Sayyid Majid, Siyu nao ulishindwa. Ngome ya Siyu ingaliko. Lakini utenzi ulinakiliwa kwa mkono, ukahifadhiwa vichwani, na mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens wakauchapa kitabu pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Leo binti wa Bujumbura anausoma kwenye simu. Mume alipigania mji, na mji ukaanguka. Mke aliandika karatasi, na karatasi imebaki.

Nimeunakili utenzi wote kwenye daftari, kwa mkono, na jioni mbili zilizopita nimemsomea shangazi yangu mkubwa. Alicheka penye kupepea. Penye kifo cha mume alinyamaza, kisha akaniomba nirudie.

Halafu nikamwomba walii wangu amfikishie mchumba wangu swali moja: radhi hiyo ambayo mimi nitaitafuta kwake, je, yeye yu tayari kuitamka angali hai na mwenye afya, siku za kawaida, bila kungoja mauti? Jibu bado halijafika. Nalisubiri, na nadhani ni swali linalofaa kuulizwa na kila dada kabla ya mahari kutajwa.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mwana Kupona, awarehemu mama zetu waliotangulia, na azitilie baraka ndoa zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.